Hirimu Moja: Vijiji vya Vijana wa Kyela na Maneno ya Waingereza

Katika mwaka wa 1879 msafara uliotoka Dar es Salaam kwa miguu uliteremka kutoka nchi za juu ukaingia bonde lililo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na aliyeuongoza alikuwa Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1858, ambaye uongozi ulimfikia kwa kuwa mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amefariki njiani huko Behobeho. Mnyapara wa wapagazi wake alikuwa Chuma, yule yule ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Thomson aliyoyaona katika bonde lile yalimstaajabisha kuliko yote aliyoyapita: migomba mingi, nyua zilizofagiwa, nyumba za mianzi na udongo zilizojengwa kwa usanifu, ng'ombe walionona na watu wakunjufu, naye aliporejea kwao akaisifu nchi ile katika kitabu alichokichapisha mwaka 1881, kwa sifa ambazo msafiri huwawekea watu wachache.

Mgeni huyu alikuwa na umri wa miaka 21, na kwa umri huo alikuwa amekabidhiwa roho za watu, bunduki, na hazina ya msafara mzima. Lau angalizaliwa ukingoni mwa mto Mbaka badala ya Uskoti, angalikuwa bado hajaoa, analima shamba la baba yake mchana, na usiku analala katika kijiji ambacho wakazi wake wote ni vijana wa hirimu yake, waliokijenga kwa mikono yao tangu walipokuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Mpita njia wa siku chache haoni kwa urahisi jambo kama hili, kwa sababu nyumba ni nyumba na migomba ni migomba. Hapana alama inayomwambia kwamba kijiji hiki ni cha wazee, kile ni cha watu wa makamo, na kile kingine kwenye ukingo wa malisho ni cha watoto waliojitenga na wazazi wao kwa ridhaa na baraka za wazazi hao hao.

Ndiyo ada ninayokusudia kuieleza, pamoja na yale yaliyotokea lugha ya Kiingereza ilipofika ziwani na maneno yake ya kuwaita watoto na vijana. Nimeona vema kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa sababu kila moja lina namna yake ya kumpima mtu. Waingereza walimpima kwa miaka. Watu wa bonde lile walimpima kwa maskani: analala wapi, anakula na nani, anafanya kazi ya nani.

Kyela ni uwanda wa chini, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, ulioshikwa kati ya milima ya Livingstone upande wa mashariki, miinuko ya Rungwe upande wa kaskazini, na mto Songwe upande wa magharibi, ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa imejaa udongo mweusi, na katika miezi ya Aprili na Mei hufurika na kuuacha udongo huo mashambani, na kwa fadhila hiyo Kyela imepata mchele uliosifika hata katika masoko ya Dar es Salaam, na kokoa, na michikichi. Zamani za kale, hata hivyo, utajiri wa nchi ulikuwa ndizi, maharage, maziwa ya mgando na ng'ombe. Wenyeji ni Wanyakyusa. Ng'ambo ya Songwe, katika nchi ya Karonga, wamo ndugu zao Wangonde, ambao lugha yao na ya hawa ni kama moja. Na ufukweni, pande za Matema na Ikombe, wako Wakisi, ambao wanawake wao ni mahodari wa kufinyanga vyungu. Wanyakyusa hawakuwa na sultani mmoja. Walikuwa chini ya watawala wadogo wadogo wapatao mia, na kila mmoja wao aliitwa malafyale, ambaye eneo lake liliweza kuwa la watu wazima wa kiume mia moja tu au likafika elfu kadhaa.

Mtoto wa kiume alianza na ng'ombe. Tangu alipopata nguvu ya kushika fimbo, kwa hesabu yetu ya leo miaka sita hivi, alitoka asubuhi pamoja na watoto wa jirani kuchunga ng'ombe wa baba zao, na huko malishoni alipata dunia yake ya kwanza isiyokuwa na wakubwa. Wachungaji wale walikuwa na kiongozi wao, aghalabu mkubwa wao au shujaa wao, ambaye alipanga zamu, akatuma wadogo kurudisha ng'ombe waliopotoka, akaamua ugomvi na kuadhibu mwenye kiburi. Wazazi hawakuingilia. Mtoto aliyekuja nyumbani akilia kwa kupigwa na mwenziwe alirudishwa kwa wenziwe.

Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, fimbo ilipokewa na mdogo wake, naye akapewa jembe ili aanze kulima shamba la baba. Siku hizo ndizo alizotoka katika nyumba ya wazazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, watu na ng'ombe chini ya paa moja, na usiku hapana siri ndani yake; na kwa fikira za Wanyakyusa ilikuwa kinyume cha adabu kwa mvulana aliyeanza kufahamu mambo kulala mahali anapoweza kusikia mazungumzo ya baba na mama yake gizani. Basi yeye na wenziwe walijenga vibanda vyao pembeni, katika ardhi waliyopewa na baba zao. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya mchezo, vya matete na nyasi, visivyofaa kwa mvua kubwa ya nchi ile. Lakini mwaka hadi mwaka mikono ilipokomaa vikajengwa vingine bora, mpaka vijana wa miaka kumi na minane wakawa na nyumba za mianzi ambazo baba zao hawakuzionea haya.

Walilala huko, ila hawakupika. Chakula kilikuwa cha mama zao, nacho kililiwa kwa jamaa: kundi zima la marafiki lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mama alifurahi kumwona mwanawe akija na kundi nyuma yake, kwa kuwa kijana aliyekuja kula peke yake alitia mashaka juu ya tabia yake. Sijapata kusoma mpango wa malezi ulio na hekima zaidi ya huu katika jambo moja: kwamba kila mama wa kijiji aliwalisha watoto wote wa hirimu ile, kwa hiyo kila mama aliwajua, na kila kijana alikuwa na milango mingi ya kuingia bila ya kuona haya. Mchoyo aliumbuliwa mapema, na mwenye njaa hakubainika.

Kijiji cha wavulana kilipokea wadogo wapya kila walipofika umri wa kutoka nyumbani, mpaka wale wa kwanza walipokuwa na miaka kumi na sita au kumi na minane. Hapo wakubwa walikataa kuchanganyika na watoto, mlango ukafungwa, na watoto wale wakaanza kijiji chao wenyewe mahali pengine. Hivi kijiji kimoja kilikusanya watu ambao hitilafu ya umri wao haikuzidi sana miaka mitano. Walikua pamoja. Walipofika miaka kama ishirini na mitano, baba alitoa ng'ombe wa mahari, bibi arusi akaletwa kijijini kwa mumewe, naye kijana akapewa shamba lake, akaacha kula kwa mama. Walakini hata baada ya kuoa alikula pamoja na wenziwe, na wake zao wakapika kwa ajili ya jamaa ya waume. Kijiji kikawa cha watu wazima, kisha cha wazee, na watu wale wale waliopigana malishoni wakazikana.

Kwa Kinyakyusa yako mapenzi ya kukaa na wenzi, kuzungumza nao, kula nao na kunywa nao pombe pasipo mkubwa wala mdogo, yanayoitwa ukwangala. Wazee waliamini kwamba akili na busara hupatikana humo, katika mabishano ya watu walio sawa, wala si kwa kuketi mbele ya baba ambaye mwana hathubutu kumjibu. Sababu nyingine ilikuwa haya ya ukwe: mke wa mwana hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake wala kutaja jina lake, na ilipasa ajiepushe njiani amwonapo kwa mbali. Baba na mwana wenye wake wangewezaje kukaa kijiji kimoja kwa amani? Kutengana kwa vijiji kuliilinda heshima ya pande zote mbili. Na iko sababu ya tatu ambayo ni nzito kuliko zote kwa mwanahistoria: ardhi ilikuwa tele. Ada hii ilihitaji kwamba pembeni mwa kila kijiji pawepo nafasi ya kijiji kingine kuzaliwa.

Kikomo cha utoto wa kizazi kizima kilikuwa ubusoka, maana yake kutoka. Takriban miaka thelathini na kitu baada ya baba zao kutoka, wana nao walitolewa kwa sherehe kubwa. Wana wawili wakuu wa malafyale walitangazwa, na nchi ikagawanywa baina yao; vijiji vya vijana vikapewa wakuu wao, wanaoitwa amafumu, waliochaguliwa na wazee wala si kwa kurithi; miti ya ukumbusho ikapandwa; moto wa zamani ukazimwa katika kila nyumba na mpya ukapekechwa, ukagawiwa nchi nzima. Wazee wakasogea kando na kuwaachia wana ardhi na ulinzi. Hapo ndipo kizazi kilipokuwa cha watu wazima, wote kwa siku moja, awe ni mwenye umri wa miaka thelathini na mitano au aliye chini yake sana. Hakuna aliyeulizwa tarehe ya kuzaliwa.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na mpango wa kutohesabu miaka, kwa kuwa hata Kiswahili chetu cha asili humpambanua binadamu kwa hali yake. Mtoto mchanga, kigori, mwari, barobaro, ghulamu, mtu wa makamo, shaibu: kila moja la maneno hayo hueleza mwili ulivyo, au ndoa iwapo imekuja au bado, au heshima anayostahili mtu, na hakuna hata moja lenye tarakimu ndani yake. Tofauti ya Kyela ni kwamba huko hirimu ilikuwa na ardhi, nyumba na mipaka, mtu angeweza kuinyooshea kidole.

Na Waingereza je? Ni dhuluma kudhani kwamba wao walihesabu miaka ya watoto wao tangu enzi. Neno lao «boy», lilipoanza kuandikwa yapata miaka 700 iliyopita, lilikuwa na maana ya mtumishi au mtu duni kabla ya kuwa na maana ya mtoto wa kiume. Na «girl» zama hizo lilitumika kwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Nao walikuwa wakiwaita watoto kwa kazi na daraja zao. Kuandikisha vizazi vyote katika daftari la serikali kulianza Uingereza na Wales mwaka 1837. Na sheria iliyomlazimisha kila mtoto kwenda shule kuanzia miaka mitano hadi kumi ilitungwa mwaka 1880, yaani mwaka mmoja baada ya Thomson kupita kwa Wanyakyusa. Kwa hiyo katika siku zile zile mtoto wa Kiingereza wa miaka kumi aliachiwa na sheria atoke darasani, na mtoto wa Kinyakyusa wa miaka kumi aliachiwa na ada atoke nyumbani kwa baba. Baada ya hapo nchi ya Uingereza ikaendelea kuusogeza mpaka huo mbele, miaka kumi na mmoja, kumi na miwili, na kuendelea, na kila uliposogezwa utoto ukarefushwa kwa amri. Maneno mapya yakazaliwa ndani ya muda huo uliorefushwa. Mwaka 1904 mwanachuoni wa Marekani, G. Stanley Hall, alitoa kitabu kikubwa kuhusu kipindi kilicho baina ya utoto na utu uzima, akakifanya kuwa mada ya elimu. Na katika miaka ya 1940 likaenea neno «teenager», ambalo halina kitu ndani yake ila tarakimu za Kiingereza kutoka kumi na tatu mpaka kumi na tisa. Hilo ni neno lisilowezekana pasipo cheti cha kuzaliwa.

Wazungu wa kwanza kuweka misheni za kudumu miongoni mwa Wanyakyusa hawakuwa Waingereza. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani wa madhehebu mawili, Wamoravian waliojenga Rungwe na wale wa Berlin walioongozwa na Alexander Merensky, na baadaye hao wa Berlin wakawa na vituo vyao hata Ikombe na Matema ufukweni. Walifundisha kwa Kinyakyusa, na watoto waliojifunza kusoma walijisomea lugha yao wenyewe. Kiingereza kiliingia kwa mlango wa vita: mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalichukua nchi ile kutoka kwa Wajerumani, wamisionari wakaondolewa, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, waliokuwa na chuo chao kikubwa Khondowe katika nchi ya Nyasa, wakatunza makanisa na shule mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Hivyo mwalimu aliyevuka Songwe akitokea Karonga na ubao wake wa kuandikia alikuwa mmoja wa walioleta maneno ya Kiingereza yanayomhusu mtoto: darasa la kwanza, darasa la pili, umri, orodha ya majina. Kizazi kikaanza kupangwa kwa madarasa. Na Wakristo walikuwa wameanza kukaa karibu na vituo vya misheni, katika vijiji ambamo baba na mwana walikutana kanisani Jumapili na ambamo kufunga mlango kwa sababu ya umri hakukuwa na maana.

Wakati huo ndipo walipokuja wanaanthropolojia wawili ambao bila wao habari nyingi nilizozieleza zingalipotea. Godfrey Wilson alifika mwaka 1934, na mkewe, Monica, mzaliwa wa Lovedale huko Afrika Kusini, akamfuata mwaka uliofuata. Wakakaa na kuuliza mpaka mwaka 1938, wakasaidiwa na karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake umetambuliwa vizuri zaidi katika miaka ya karibuni. Godfrey alifariki mwaka 1944, na kitabu kuhusu vijiji vya hirimu alikitoa mjane wake mwaka 1951, akakiita *Good Company*, akijaribu kuchukua kwa maneno mawili ya Kiingereza utamu wa ukwangala. Wataalamu wenzao walikuwa wamekwisha kupanga istilahi za mambo haya. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika mwaka 1929 juu ya namna ya kuyataja marika katika maandishi ya elimu. Lakini istilahi zile zilitungwa kwa ajili ya makabila kama Wamasai, ambao hirimu yao hukata nchi nzima na watu wake hatimaye wakatawanyika katika maboma ya jamaa zao, wala hazikutosha kwa watu waliojenga hirimu ikawa mji. Ilimbidi Bibi Wilson aunde jina la kijiji cha umri, na katika kurasa zake wakazi wake akawaita «boys» au «young men» kadiri ilivyoonekana. Kazi yake ni ya amana kubwa, na mimi nairejea kwa shukrani. Ila msomaji wa Kiingereza asomaye «boys» humfikiria mtoto wa shule, na hawezi kukumbuka katika kila sentensi kwamba huyo aitwaye hivyo ana nyumba aliyoijenga, jembe linalomlisha baba yake, na sauti katika baraza la wenziwe.

Dhara kubwa zaidi ya neno hilo haikutokea vitabuni. Dhahabu iligunduliwa Lupa, katika nchi ya Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya wanaume wa bonde la Nyasa walipanda milima kwenda kuchimba. Wengine wakafika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine, kwa mkono wa shirika la uandikishaji ambalo watu wetu waliliita Wenela, wakafika Johannesburg. Huko mwanamume mwenye mke na watoto, aliyetoka kwa ubusoka na kupewa ardhi na baba zake mbele ya nchi nzima, aliitwa «boy» na bwana mwenye umri wa mwanawe, akaandikwa hivyo katika daftari la mishahara, na msimamizi wake mwenye mvi akaitwa «boy» vile vile. Maana ile ya kale ya mtumishi, ambayo Uingereza ilikuwa karibu imeisahau, ilifufuliwa Afrika. Kiswahili kikalipokea neno hilo kwa maana hiyo tu, boi wa nyumbani, wala hapana Mswahili aliyelitumia kwa mtoto wake wa kumzaa. Naliona hilo kuwa ni ushahidi mkubwa: watu walisikia barabara waliyokuwa wakiitwa, wakaliweka neno mahali lilipostahili.

Mshahara wa Lupa uliligusa shina la ada. Zamani kijana alimngojea baba ampe ng'ombe, na katika kungoja huko, miaka kumi na tano ya jembe, alipata wenzi wake. Sasa aliweza kwenda kwa miezi kadhaa, akarudi na fedha, akanunua ng'ombe mwenyewe. Kijiji kikawa kimejaa vibanda vya watu wasiokuwapo. Tena serikali ya Kiingereza, iliyotawala kwa kupitia machifu tangu mwaka 1926, ilihitaji machifu wachache wanaojulikana na wenye mshahara, na haikupatana na sherehe ambayo kila kizazi ingeigawa nchi mafungu mawili na kumwondoa mzee aliyekwisha kuandikwa katika ofisi ya serikali huko Tukuyu.

Hata hivyo fedha na serikali hazikuwa adui mkubwa. Adui alikuwa uhaba wa ardhi. Mtaalamu P. H. Gulliver, ambaye taarifa yake juu ya umiliki wa mashamba ya Wanyakyusa ilichapishwa mwaka 1958, alikuta nchi imejaa, kahawa milimani na mpunga uwandani vimelipa shamba thamani lisilokuwa nayo, na kila baba ameshikilia kipande chake ili amwachie mwanawe. Mtu aliyepanda mikahawa hawezi kuhamia upande wa pili kuwapisha vijana. Basi mwana akarudi kujenga ubavuni mwa baba yake, haya ya ukwe ikalegezwa kwa dharura, na vijiji vya wavulana vikabaki vibanda viwili vitatu nyuma ya nyumba ya wazazi, ambavyo mpaka leo katika nyumba nyingi mvulana anayebalehe hupewa. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kwa sheria, na ubusoka ukakosa wa kutolewa. Ilipofika miaka ya 1970 na watu kuhamishwa katika vijiji vya ujamaa, nyumba zilipangwa kwa mistari na kaya zikahesabiwa, lakini mpango ule haukuwa na nafasi ya hirimu.

Hapa yanipasa niseme jambo ambalo wanaoisifu ada hii, nami ni mmoja wao, huweza kulipita kwa haraka. Vijiji hivi vilikuwa vya wavulana. Msichana hakuwa na kijiji. Aliposwa akiwa mdogo, ng'ombe wakahesabiwa baina ya baba yake na mume, naye akaanza kumzoea mume huyo kabla ya kuvunja ungo. Kijana aliweza kungoja mpaka miaka ishirini na mitano kwa sababu wasichana hawakungoja, na kwa sababu wazee wenye ng'ombe wengi walioa wake wengi. Ule muda mrefu wa ukwangala, ulio uzuri wote wa malezi ya mvulana wa Kyela, ulilipiwa kwa ufupi wa usichana wa dada yake. Wasaa pekee aliopata binti wa kukaa na wenzi wa umri wake bila ya kazi za mkubwa ulikuwa majuma ya kutawishwa alipobaleghe, ambapo marafiki walilala naye wakiimba na kufundishwa; kisha akaenda kwa mumewe, na kijiji alichoingia kilikuwa cha hirimu ya mume.

Kwa hiyo sheria ya miaka, ambayo kwa mvulana ilivunja mengi, kwa msichana ilijenga. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikatamka kwamba mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vile vya ndoa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Tarakimu hizo zimetoka katika desturi ile ile iliyozaa madaftari ya vizazi na neno «teenager», na mimi siwezi kuzilaumu. Sera ya vijana ya nchi yetu nayo imemwita kijana kila mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, na kikomo hicho cha juu, sijui kwa kukusudia au kwa sadfa, kinakaribiana na umri ambao malafyale na wakuu wa vijiji walitolewa kwa ubusoka.

Leo shule za sekondari za kata zimeenea nchini, na wanafunzi wanaotoka mbali hulazimika kupanga vyumba karibu na shule, watoto wa miaka kumi na minne wakijipikia na kujilinda wenyewe, na wasichana wakipatwa na hatari ambazo kila mzazi anazijua. Ndiyo sababu wananchi na halmashauri wamekuwa wakijenga mabweni, na wasichana wakatangulizwa. Katika bweni binti hulala na wenzi wa hirimu yake kwa miaka minne au sita, wakasoma, wakabishana, wakagombana na kupatana, wakala kutoka chungu kimoja. Na bibi wa bibi yake, aliyezaliwa katika zama za vijiji vya wavulana, hakupata hayo ila kwa yale majuma machache kabla ya kuolewa.